Waridi mwitu linalongoja baridi isiyofika Kabale

Swali: Mimi ni mkulima wa Kabale, Uganda. Mwezi wa tano binti yangu anayeishi Uingereza aliniletea pakiti mbili za mbegu, moja imeandikwa Rosa canina, nyingine Rosa rugosa. Nilizipanda kitaluni na nimemwagilia kila siku. Sasa ni mwezi wa tisa na hakuna hata moja iliyoota. Nilitaka ua wa miba wa kuzuia mbuzi wasiingie kwenye maharagwe, na matunda yake niyakaushe niuze kama majani ya chai. Je, mbegu zimekufa? Na zikiota, waridi hili litafaa huku kwetu?

Jibu: Mzee wangu, kitalu hicho usikivunje bado. Kwa mbegu za waridi mwitu, ukimya wa miezi minne ni jambo la kawaida kabisa. Kwanza hakikisha kama zi hai. Chota udongo wa juu wa kitalu, sentimita tatu au nne, uupitishe kwenye chekecheke. Utaziona: punje za milimita nne hadi tano, ngumu, rangi ya kahawia hafifu, zenye pembepembe kwa sababu zilibanana ndani ya tunda. Chukua tano za kila aina uzibane kwa koleo taratibu, ganda lipasuke bila kusaga kiini. Kiini cheupe, kigumu, kilichojaza ganda, ki hai. Kilichogeuka kijivu, kinachonuka au kuvurugika kama uji, kimekufa. Ganda likiwa tupu, halikuwahi kuwa na kitu ndani. Ukipata nyeupe tatu katika tano, endelea na kazi.

Tatizo lako ni majira ya nchi zilikotoka mbegu hizo. Tunachokiita mbegu hapa, kwa mtaalamu wa mimea, ni tunda dogo kavu lililoifunika mbegu yenyewe; na lile tunda jekundu ni kikalio cha ua kilichovimba kikawa kifuko chenye nyama. Ganda ni gumu kupita kiasi, na kiini kinashikiliwa na homoni inayokizuia kuota. Ulaya matunda ya waridi mwitu huiva Septemba na Oktoba. Mbegu ikiota papo hapo, mche utakufa kwa theluji ukiwa na majani mawili. Ndiyo maana mbegu imefungwa kwa kufuli la funguo mbili: kwanza joto lenye unyevu, kisha baridi yenye unyevu. Rosa canina inataka funguo zote mbili kwa mpangilio huo, wiki 8 hadi 12 za nyuzi 20 hadi 25, halafu wiki 12 hadi 16 za nyuzi 3 hadi 5. Porini mara nyingi huota baada ya kupitiwa na majira mawili ya baridi. Rosa rugosa haina ukaidi mwingi hivyo; baridi ya wiki 12 hivi kwa kawaida inaitosha.

Kabale mko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12, watu wakavaa sweta na kusogelea sigiri. Kwa waridi la Ulaya, hayo bado ni majira ya joto. Mbegu zako zimepata ufunguo wa kwanza, zikakaa zikingoja wa pili, na wa pili haupatikani eneo lenu la Kigezi nje ya friji.

Kwa hiyo miezi yako minne haikupotea. Rugosa uliyoichekecha iende moja kwa moja kwenye friji. Canina iongezee wiki nne za joto ndani ya nyumba, maana usiku wa Kabale ulikuwa ukiipunguzia hesabu: ning'iniza mfuko wake jikoni, mbali na moto wenyewe, mahali ambapo mkono unahisi uvuguvugu tu. Kisha nayo iingie baridini.

Utayarishaji ni huu. Osha mchanga wa mtoni mpaka maji yatoke safi, umwagie maji yanayochemka, uache upoe. Changanya kipimo kimoja cha mbegu na vitatu vya mchanga. Unyevu upime kwa ngumi: ukifinya, litoke tone moja au mawili. Maji yakichuruzika mbegu zitaoza, na ngumi ikibaki kavu hazitaamka, kwa sababu baridi bila unyevu haifungui chochote. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaweka pakiti ya karatasi frijini miezi mitatu na kudhani wamemaliza. Tia mchanganyiko kwenye mfuko mzito wa plastiki, nusu ujae hewa, na uandike jina na tarehe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu utakachoweka ndani. Wino hufutika.

Mfuko ukae rafu ya katikati. Usiuweke mlangoni, panapopata joto kila friji inapofunguliwa, wala karibu na sehemu ya barafu. Kipimajoto cha bei ndogo kilichosimamishwa kwenye glasi ya maji ndani ya friji kitakupa ukweli kuliko namba za kitufe chake. Umeme ukikatika, usifungue. Chupa tatu nne za maji zikiwa zimeuzunguka mfuko zitahifadhi ubaridi kwa saa nyingi. Siku moja ya kukatika haina neno. Wiki nzima ya joto ni jambo lingine: mbegu iliyokaribia kuamka inaweza kurudi usingizini, na hesabu ikaanza upya.

Kagua kila wiki mbili. Ukungu wa kijivu ukionekana, osha mbegu na ubadilishe mchanga. Mara utakapoona ncha nyeupe ya mzizi imetokeza, toa hizo tu, zilizobaki zirudi. Haziamki pamoja, sehemu ya canina huenda ikataka mzunguko mwingine mzima, kwa hiyo usitupe mfuko baada ya wimbi la kwanza.

Zilizochipua zipande kwenye viriba, kina cha sentimita moja, mzizi ukielekea chini. Mchanganyiko wa udongo uwe sehemu tatu za udongo mzuri wa juu, moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu, na moja ya mchanga. Weka kivuli chepesi cha nyasi, kisha ukipunguze kidogo kidogo. Majani mawili ya mwanzo ni ya mviringo na hayafanani na waridi hata kidogo, usije ukayang'oa ukidhani ni magugu. Jani la tatu ndilo lenye meno pembeni. Na kumwagilia kila siku, mzee wangu, kuache. Kwa miche hii ndiko kunakoleta ule ugonjwa wa shina kunyong'onyea usawa wa udongo na mche kulala chali. Mwagilia asubuhi, udongo wa juu unapoanza kukauka.

Rugosa ikiingia frijini mwisho wa Septemba itatoka mwisho wa Desemba. Canina itatoka mwisho wa Januari au Februari. Usikimbilie kuipeleka shambani na mvua za Machi, bado ni midogo. Ikae kwenye viriba mpaka ifike sentimita 25 au 30, iende na mvua za Septemba.

Hayo ni ya kuota. La kuzaa ni gumu zaidi, na ndilo lililonifanya nijibu kwa kirefu. Kuota hakumaanishi kuchanua. Canina huchanua mara moja kwa mwaka, kwenye vitawi vifupi vinavyotoka kwenye fimbo za mwaka uliopita, baada ya majira ya baridi. Mawaridi ya aina hii yana jeni iitwayo KSN inayozuia maua msimu wote wa kukua. Kizuizi hicho hulegea baridi inapopita. Mawaridi ya Uchina, ambayo damu yake imo katika waridi wa kuuzwa nje unaolimwa Wakiso kandokando ya Ziwa Viktoria, jeni hiyo iliharibika zamani baada ya kipande cha DNA kurukia ndani yake. Waridi la Wakiso limekatika breki, ndiyo maana linatoa maua Januari hadi Desemba. Canina breki zake ni nzima. Huko Kabale tarajia fimbo za mita tatu zilizopinda kama upinde, miba ya ndoana, majani tele, na maua machache au yasiwepo kabisa. Pasipo ua hapana tunda, na biashara ya chai imeishia hapo.

Majirani zako wanaolima tofaa wanalijua jambo hili vizuri, na tofaa na waridi ni wa ukoo mmoja, pamoja na nkenene zinazochumwa porini na ule mti wa Prunus africana. Kigezi walikuja na Anna na Golden Dorset kwa sababu aina hizo zinadai saa chache za baridi, na hata hivyo wakulima hupukutisha majani kwa mkono na kulaza matawi ili kuudanganya mti kwamba majira yamebadilika. Ukitaka kujaribu ujanja huo kwenye canina, jaribu kwenye mashina matatu: mwisho wa kiangazi cha Agosti pukutisha majani ya fimbo za mwaka jana na uzilaze karibu na ardhi, zifungwe kwenye vigingi. Kulaza huamsha macho ya pembeni. Kwamba macho hayo yatatoa ua badala ya tawi, siwezi kukuahidi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kachwekano, hapo karibu na Ziwa Bunyonyi, kimeshughulika na matunda ya nchi za baridi muda mrefu. Kwa swali la kulaza na kupukutisha utapata mtu wa kuzungumza naye.

Tumaini lako liweke kwenye rugosa. Asili yake ni pwani za Japani, Korea na mashariki ya Siberia. Huchanua kwa kurudiarudia msimu mzima kwenye matawi mapya, haivumilii maji yaliyotuama lakini inastahimili udongo wa kichanga na wa hafifu, majani yake yamekunjamana na ugonjwa wa madoa meusi haulipendi sana. Matunda yake ni mapana, sentimita mbili hadi tatu, mfano wa nyanya ndogo. Baridi ya kweli huko kwenu haipo, kwa hiyo panda mashina 20 uone miaka miwili kabla hujazungushia shamba zima. Mtu wa Kampala au Jinja nisingemshauri hata hizo 20. Joto na unyevu wa ziwa vitalidhoofisha.

Kuna waridi moja ambalo kwa macho yangu lingekufaa kuliko yote mawili: Rosa abyssinica, Waethiopia huliita kega. Ndilo waridi pekee la asili ya Afrika kusini ya Sahara. Linamea milimani Ethiopia na kuvuka bahari hadi Yemen, sehemu za mita 1,900 na kwenda juu, yaani kimo chenu kabisa. Majani yake ni ya kijani mwaka mzima, magumu kama ngozi; maua meupe yenye harufu nzuri hutoka kwa vishada; matunda mekundu ya machungwa huliwa. Limezoea mwaka wenye mvua na kiangazi, halina haja ya theluji. Uganda haliko porini, itabidi liagizwe.

Kabla ya kupanda, jua ulichonacho, maana pakiti huandikwa vibaya. Canina ina kitendawili chake cha Ulaya: ndugu watano, wawili wana ndevu, wawili hawana, wa tano ana ndevu upande mmoja. Jibu ni vile vijani vitano vya kijani vinavyolifunika tumba. Tumba lingali limefungwa, viwili viko nje kabisa, kingo zote wazi, navyo vina vinyuzi pande mbili. Viwili vimefunikwa kingo zote, havina. Cha tano ukingo mmoja uko nje, mwingine chini ya mwenzake, kina vinyuzi upande ule wa nje tu. Bahati ikikupa hata tumba moja, likague. Rugosa haihitaji kitendawili: shina lake limejaa miba myembamba iliyosongamana kama manyoya. Kega ukilipasua ua, utaona nyuzi za kike za katikati zimeungana kuwa nguzo moja nyembamba.

Sasa mbuzi. Mbuzi anapenda waridi. Machipukizi yake laini huyatafuna na miba yake, na Marekani mbuzi hutumiwa kusafisha maeneo yaliyovamiwa na Rosa multiflora. Ua wako utazuia mbuzi baada ya kukomaa. Kabla ya hapo ni kitoweo. Weka uzio wa fito miaka miwili ya mwanzo, na kama haja ni kuzuia mbuzi tu, bila chai, kei-apple, mmea mwingine wa miba wa kupanda ua, itakufikisha upesi kwa gharama ndogo.

Ukiamua waridi, chimba mtaro kwa kila mstari badala ya shimo moja moja, upana sentimita 40 na kina 40. Panda mistari miwili iliyoachana sentimita 50, miche ikipishana zigizaga: rugosa sentimita 70 kati ya mche na mche, canina mita moja. Kila mche upate nusu ndoo ya samadi iliyooza, ichanganywe na udongo wa juu. Udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) ya 6 hadi 6.5 ndio mzuri. Usimwage majivu ya jikoni kwa wingi, rugosa hugeuka manjano udongo ukielemea chokaa, jani likawa njano na mishipa ikabaki ya kijani. Juni hadi Agosti, mwaka wa kwanza, nusu jerikeni kwa mche kila wiki. Matandazo ya mabua ya mtama yanatosha, ila yaache wazi sentimita kumi kuzunguka shina, mchwa wasipate daraja.

Rugosa husambaa kwa machipukizi ya mizizi. Kwenye matuta ya mlimani hilo linashika udongo, lakini mwaka wa tatu utaliona likichungulia katikati ya maharagwe. Kata mizizi kwa jembe kando ya mstari mara mbili kwa mwaka. Multiflora niliyoitaja ilipandwa Marekani kama ua wa mashamba kuanzia miaka ya 1930, leo majimbo kadhaa yameitangaza gugu. Nasi tuna kayukiyuki, yaani lantana, iliyoletwa ipambe nyua ikaishia malishoni. Usiache matunda yakaliwa na ndege yote, na usipande ukingoni mwa msitu.

Kupogoa ndiko kunakoua mavuno kuliko wadudu. Mtu anachukua panga na kusawazisha ua juu na pembeni kama anavyofanya kayukiyuki, kumbe anaondoa zile fimbo za mwaka jana ambazo ndizo zingebeba maua. Kwa canina na kega toa tu fimbo kuukuu, robo ya zote, ukizikata chini kabisa, baada ya matunda. Rugosa inavumilia zaidi kwa kuwa huchanua kwenye tawi jipya.

Magonjwa nitayapitia haraka. Madoa meusi yenye kingo za vinyuzi, jani likiwa njano na kuanguka: kuvu huyu anahitaji jani lililolowa saa saba hivi mfululizo, basi nafasi na kumwagilia chini ni dawa kuliko pampu. Unga mweupe kwenye machipukizi wakati wa kiangazi ni ubwiri unga, nao hauhitaji maji juu ya jani. Salfa huutuliza, lakini usiipulize kwenye rugosa bila kujaribu tawi moja, majani yake huungua kwa dawa nyingi. Uvimbe mgumu kama kauliflawa shingoni mwa shina ni bakteria aliyeingia kwa jeraha la jembe: ng'oa, choma, na usipande waridi hapo. Vidukari waachie bungo-kibibi.

Ukipata matunda, chuma yakiwa mekundu na bado magumu. Yaliyolainika yameanza kupoteza vitamini C, ambayo ndiyo iliyowafanya Waingereza kuanzia 1941 wawatume watoto kuyachuma porini kwa ajili ya sharubati wakati machungwa hayapatikani. Yapasue kwa urefu, kwangua mbegu pamoja na vile vinywele vya ndani, vyote, kwa ncha ya kijiko kidogo. Vinywele hivyo huwasha koo na tumbo, na vaa glavu, kwa sababu huwasha hata vidole. Suuza, tandaza kivulini kwenye wavu wenye upepo mpaka vipande vivunjike kwa sauti, na vipepete kwenye chekecheke kuondoa vinywele vilivyobaki. Sufuria ya shaba usitumie kuvichemsha. Shaba huharibu vitamini hiyo. Mbegu ulizokwangua usizitupe: zioshe, na zikiwa mbichi hivyo ziingie kwenye mchanga wa unyevu mara moja. Za canina zitakupa miche inayofanana sana na mama, kwa kuwa ina kromosomu 35, na baba huchangia 7 tu, mama 28. Za rugosa zinaweza kuzaa chotara ikiwa kuna waridi jingine jirani.

Kega likikuvutia, mwambie atakayekuletea apate cheti cha afya ya mimea huko Ethiopia, nawe uombe kibali cha kuingiza mimea kwa Wizara ya Kilimo, Entebbe, kabla mzigo haujaondoka. Omba vijiti vya unene wa penseli, sentimita 20, macho manne, vilivyofungwa kwa gazeti lililoloweshwa ndani ya plastiki. Vikifika, vikate upya chini ya jicho, theluthi mbili zizame mchangani, funika kwa plastiki, na usivivute kuangalia mizizi kabla ya wiki sita.